Nani Hulipwa Dai la Ardhi Linaponunuliwa?

Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana wa Golbanti na Garsen

Nimeambiwa wali uko jikoni na kwamba nikizidisha maneno utaganda chunguni. Nitajitahidi, ingawa waliowahi kunisikiliza wanajua ahadi zangu za kuwa mfupi.

Kusudi langu ni moja. Nataka tutazame kinachotokea serikali inapoamua kulinunua dai la ardhi la familia fulani ili mzozo uishe. Jambo hili limetendeka Marekani ilipokuwa bado changa, limetendeka katika pwani yetu zaidi ya mara moja, na litafika hapa Delta ya Tana, ikiwa halijafika tayari kwa jina jingine. Ninachodai ni kwamba ununuzi wa namna hii ni mapatano ya wenye karatasi. Mtu anayelima au kulisha mifugo juu ya ardhi hiyo, asipotajwa kwa jina katika mapatano, huamka siku ya pili na mdai mpya, na pengine na deni ambalo hakulikopa. Nitalieleza hilo kwa hoja nne. Ya tatu na ya nne ndizo zilizonileta, kwa hiyo anayetaka kusinzia asinzie mapema.

Hoja ya kwanza: dai kubwa huzaliwa mbali na shamba

Golbanti ilisikika Ulaya kwa sababu ya misheni ya Wamethodisti iliyofunguliwa hapa miaka ya 1880 miongoni mwa Waorma, na zaidi kwa sababu ya vifo vya John Houghton na mkewe Annie, waliouawa na wavamizi mwaka 1886. Habari hiyo mnaijua. Ambayo haisimuliwi sana ni kwamba mwaka huohuo, kati ya Oktoba na Novemba, Uingereza na Ujerumani zilibadilishana barua na kukubaliana jinsi ya kuigawa nchi hii. Katika barua hizo mto Tana ukafanywa mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi ukatambuliwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na ncha yake ya kaskazini ikawekwa Kipini. Hakuna aliyekuja kuuliza kama mto huu, ambao huhama kila unapopenda, ulifaa kuwa mpaka wa kitu chochote.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 1885, Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, alikuwa ametia sahihi mkataba na Clemens Denhardt, Mjerumani, akimpa sehemu ya nchi aliyodai kuwa yake. Simba alikuwa na sababu zake: aliiogopa Zanzibar na alihitaji rafiki mwenye mizinga. Mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Mwaka 1890, katika mkataba wa tarehe 1 Julai, Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu kama sehemu ya mabadilishano yaliyoipatia kisiwa cha Heligoland. Denhardt na ndugu yake wakabaki kuidai fidia serikali yao. Waliokuwa wakilima kati ya Witu na mto hawakuwamo katika barua yoyote, wala ya madai wala ya fidia.

Naona kijana mmoja pale nyuma anamnong'oneza mwenzake. Nadhani anauliza lini tutafika Marekani. Tumefika.

Mwaka 1681 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa na deni la paundi 16,000 kwa familia ya marehemu Admirali Penn. Badala ya fedha, akampa mwana wa admirali, William Penn, nchi nzima ng'ambo ya bahari, ambayo leo ni jimbo la Pennsylvania. Walenape walikuwa wakiishi humo tangu kale. William Penn mwenyewe alikuwa muungwana kuliko wengi wa zama zake, na alifanya mapatano na Walenape na kuwalipa. Wanawe hawakuwa kama yeye. Mwaka 1737 walitoa karatasi ya zamani iliyodaiwa kusema kwamba Walenape waliuza ardhi kufikia pale mtu anapoweza kutembea kwa siku moja na nusu. Walenape walielewa ni mwendo wa kawaida, kando ya mto, wa mtu anayepumzika na kula. Akina Penn wakasafishiwa njia msituni, wakaajiri wakimbiaji watatu hodari. Mmoja akafika mwisho, na kwa mbio zake familia ikajitwalia zaidi ya ekari milioni moja.

Hebu tuiweke hadithi hiyo kando kidogo, kwa sababu familia ya Penn tutakutana nayo tena ikilipwa.

Hoja ya pili: anayenunua dai hulirithi

Wengi hudhani kwamba dai likishanunuliwa limekufa. Viongozi wa Massachusetts, huko Marekani, hawakudhani hivyo. Mwaka 1677 walinunua dai la familia ya Gorges juu ya Maine kwa paundi 1,250, bei ya kutupa hata kwa wakati ule. Hawakulinunua ili Maine iwe huru na wenye madai. Waliitawala wenyewe, na Maine haikuwa jimbo la peke yake mpaka mwaka 1820.

Mfano wa nyumbani una uchungu zaidi, nami nitaueleza polepole kwa sababu hesabu yake ni ya ajabu.

Mwaka 1887 Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikodisha utawala wa pwani yake kwa wafanyabiashara wa Kiingereza, ambao mwaka uliofuata walipata hati ya Malkia na kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1890 Zanzibar ikaiachia Ujerumani pwani ya kusini, ile ya Tanganyika ya baadaye, kwa marka milioni 4, yaani takriban paundi 200,000. Fedha hizo hazikugawiwa Zanzibar. Ziliwekezwa Uingereza kwa jina la Sultani. Ilipofika mwaka 1895 kampuni ilikuwa imeishiwa, na serikali ya Uingereza ikaamua kuiondoa kwa kuinunulia haki zake. Bei ilikuwa paundi 250,000. Hazina ya Uingereza ikatoa 50,000. Paundi 200,000 zilizobaki zikatolewa kutoka katika fedha za Sultani zilizolipwa na Ujerumani.

Mzee wangu hapa mbele ametikisa kichwa. Ndiyo, umesikia sawasawa. Kampuni ilikuwa imekodi pwani ya Sultani, na Sultani akalipa ili kampuni iondoke kwenye pwani hiyohiyo. Baadaye Uingereza ikaikodi yenyewe, kwa ada ya paundi 11,000 kila mwaka, na juu yake ikamlipa Sultani riba ya asilimia 3 ya zile paundi zake 200,000, yaani 6,000. Jumla paundi 17,000 kwa mwaka. Ni kama mtu kuuziwa ng'ombe wake mwenyewe kwa pesa zilizotoka mfukoni mwake, kisha akaahidiwa kikombe cha maziwa kila asubuhi.

Lakini msimwonee Sultani huruma mkasahau wengine. Yeye angalau alikuwa upande mmojawapo katika mkataba. Mvuvi wa Kipini na mkulima wa nyuma ya Malindi hawakuwa upande wowote. Dai lililokuwa la familia ya kifalme ya Zanzibar lilipita mikononi mwa kampuni, likaenda mikononi mwa serikali ya kikoloni, na kila lilipopita liliongezewa nguvu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ndiyo iliyoonyesha nguvu hizo. Kila aliyedai ardhi katika ukanda ule alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Familia zilizokuwa na nyaraka, mashahidi wa mjini na watu wa kuwaandikia zilipeleka madai. Wamijikenda walio wengi hawakupeleka. Wengine hawakusikia habari, na wengine hawakuona kwa nini mtu aende kuomba shamba ambalo babu yake amezikwa ndani yake.

Kisha ukafika mwaka 1963. Tarehe 8 Oktoba, mjini London, Zanzibar ilikubali kuachia mamlaka yake juu ya ukanda wa pwani ili uungane na Kenya siku ya uhuru. Katika barua zilizobadilishwa kati ya Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, Kenya iliahidi mambo kadhaa: mahakama za kadhi zitaendelea, elimu ya watoto wa Kiislamu italindwa, na hati miliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa wakati wote, na serikali ikizihitaji ardhi hizo kwa manufaa ya umma italipa fidia kamili bila kuchelewa. Ahadi nzuri. Isomeni tena, mtafute neno kuhusu mtu anayeishi kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Halipo. Ndipo pwani ya Kenya ilipoingia katika uhuru ikiwa na watu waliokuwa maskwota kwao wenyewe.

Hoja ya tatu: deni humwangukia mkaaji

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja. Wazungu waliokuwa na mashamba katika nyanda za juu waliyauza, wakaondoka na fedha, na ardhi ikagawiwa Waafrika, takriban familia 35,000. Fedha za kuwalipa Wazungu zilikopwa nje, Uingereza ikiwa mkopeshaji mkubwa. Aliyepewa kipande alitakiwa akilipie kidogo kidogo kupitia mfuko wa makazi wa serikali. Kwa hiyo Mkikuyu au Mkipsigis ambaye ukoo wake ulinyang'anywa ardhi alirudishiwa kwa mkopo. Wengi walishindwa kulipa, na hati zao zikakaa kwenye makabati ya ofisi miaka na miaka. Sisemi mpango ule haukumfaa mtu. Uliwafaa wengi. Nasema bili ilimfikia nani.

Mtasema hayo ni ya zamani. Basi njooni Likoni. Kulikuwa na shamba la ekari 930 lililojulikana kwa jina la Waitiki, mwenye hati mmoja na maelfu ya watu waliojenga ndani yake. Baada ya miaka ya fujo na kesi, serikali ikalinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akagawa hati. Watu waliimba na kucheza. Baadaye wakaelezwa kwamba kila mmoja anatakiwa alipe shilingi 182,000 kwa muda wa miaka 12, kwa sababu fedha zilizomlipa mwenye shamba zilitoka kwenye mfuko wa makazi na lazima zirudi. Wengi waligoma kulipa. Walishangaa kuambiwa wanunue kiwanja ambacho walikwisha kufurahia kupewa.

Mimi sina ugomvi na kumlipa mwenye hati. Katiba inamlinda, na serikali inayonyang'anya kwa jeuri leo kwa jirani yako, kesho itakuja kwako. Ugomvi wangu ni pale fidia ya mmoja inapogeuzwa kuwa mkopo wa mwingine bila mwingine huyo kuulizwa. Na haikuwa lazima iwe hivyo. Hapa ndipo Marekani inapotufaa, kwa yale iliyofanya vizuri na yale iliyofanya vibaya.

Mwaka 1746, huko New Hampshire, wafanyabiashara kumi na wawili wa mji wa Portsmouth walilinunua dai la familia ya Mason kwa paundi 1,500. Dai hilo lilikuwa limewasumbua wakulima kwa zaidi ya miaka mia. Kila mtu alilala akihofu kwamba siku moja mrithi wa Mason atakuja kudai kodi. Wanunuzi hawakuwa malaika, walitaka kupata faida kwenye ardhi ambayo haijakaliwa. Lakini walifanya jambo la busara mapema kabisa: kwa miji iliyokuwa imekwisha kujengwa walitoa hati za kuachilia dai. Maana yake, mkulima aliyekuwa tayari juu ya shamba hakutakiwa kununua kitu. Dai lilikufa palepale alipokaa.

Sasa turudi kwa akina Penn. Mwaka 1779, katikati ya vita vya uhuru, Bunge la Pennsylvania liliamua kuwa haiwezekani taifa jipya liwe na familia moja inayomiliki nchi nzima na kutoza kila mkulima kodi ya ardhi ya kila mwaka. Likalichukua dai hilo na kuahidi fidia ya paundi 130,000. Mashamba ya binafsi ya familia hiyo halikuyagusa. Na ile kodi ya kila mwaka, nje ya mashamba hayo ya binafsi, ikafutwa. Mkulima wa Pennsylvania hakuandikiwa sehemu yake ya zile paundi 130,000 kwa jina lake. Jimbo ndilo lililolibeba deni.

Na Walenape? Hawakupata chochote katika hesabu ya 1779. Wakati huo walikwisha kusukumwa magharibi, na ardhi waliyoipoteza kwa mbio za 1737 ilikuwa na miji juu yake. Wazao wao walifungua kesi katika mahakama za Marekani mwaka 2004. Ilikataliwa, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakataa kusikiliza rufaa yao. Kwa hiyo nikiwasifia watunga sheria wa Pennsylvania, nawasifia kwa jinsi walivyomtendea mkulima aliyekuwa na kura. Asiyekuwa na kura hakuonekana.

Hoja ya nne: Delta haina familia moja ya kununuliwa

Sasa tuko nyumbani, na hali ya hapa ni ngumu kuliko ya Pennsylvania na ya Likoni. Kule kulikuwa na familia moja yenye karatasi upande mmoja, na wakaaji upande wa pili. Hapa madai yamepandiana. Mpokomo ana shamba la ukoo linaloshuka hadi ukingoni mwa mto, na ana miembe ambayo ilipandwa na babu na inarithiwa. Muorma na Mwardei wana malka, njia ya mifugo kufikia maji, ambayo wakati wa kiangazi ndiyo tofauti kati ya boma lenye ng'ombe na boma lenye mifupa. Mvuvi ana maziwa yanayojaa mafuriko yakija. Mahali pamoja paweza kuwa shamba Mei na malisho Januari. Na mto wenyewe haukai. Mfereji wa Belazoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, uliyavuta maji hadi yakawa yanamwagika Kipini, na tangu hapo matawi yamefunguka na kuziba mara nyingi. Miembe hubaki imesimama pakavu, mwenyewe amehamia kule maji yalikokwenda, lakini miembe bado ni yake, na kila mtu hapa anajua ni ya nani.

Juu ya madai hayo yote likaja la serikali. Mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, TARDA, iliundwa mwaka 1974. Miaka ya 1990 ikapata hati ya zaidi ya hekta 28,000 hapa Delta. Mradi wake wa mpunga ulikuwa na mitambo, tuta na wahandisi, halafu mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaupiga ukalala. Baadaye ukaja mpango wa miwa pamoja na kampuni ya Mumias, zikaja na habari za wawekezaji wengine kutoka nchi za nje. Kesi zikafunguliwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta itayarishwe, wakazi wakishirikishwa. Kabla ya hapo, Septemba 2012, Delta ilikuwa imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Mwezi huohuo tulikuwa tukizika. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 walikufa watu zaidi ya mia moja katika vijiji ambavyo sihitaji kuvitaja katika mkutano huu, maana wengine wenu mna makaburi huko.

Kuna wanaosema dawa ni kupima na kumpa kila mtu hati yake. Ni rai ya watu wema na nimeisikia hapa hapa Garsen. Nami siikubali, kwa sababu ilijaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilileta mpango wa kupima na kugawa ardhi wilayani Tana River. Wakulima waliufurahia, wafugaji wakauona kuwa uzio unaojengwa kati ya ng'ombe na mto, na mapigano yakafuata. Hati za mtu mmoja mmoja zikipangwa kandokando ya mto huu, malka zinakufa, hata kama hakuna aliyekusudia kuziua. Na siku mnunuzi atakapokuja, atanunua kipande kimoja kimoja kutoka kwa mwenye shida ya karo na mwenye mgonjwa hospitali, mpaka awe na ukingo wote. Hata mchezo wa kumkimbiza mtu msituni hatauhitaji.

Sheria tuliyo nayo ina njia bora, nami nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa wanasheria watafika wiki zijazo kuifafanua. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inaiweka ardhi ya jamii mikononi mwa jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jinsi ya kuisajili. Mambo matatu katika sheria hizo yanahusu moja kwa moja habari ya leo.

Kwanza, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Ardhi hiyo ikitwaliwa kwa mradi wa umma, fidia hukaa kwenye akaunti maalumu ya kaunti yenye riba, ikingoja jamii ijisajili. Nisikilizeni hapo. Inangoja. Jamii isiyosajiliwa inalipwa, lakini haishiki hata shilingi, na huenda aliyefidiwa akafa kabla ya orodha kuandikwa.

Pili, ili ardhi ya jamii iliyosajiliwa iuzwe au itolewe, lazima theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa wakubali. Wazee wachache, hata wawe waheshimiwa kiasi gani, hawawezi kuiuza wakiwa chini ya mti. Na uanachama si wa wanaume peke yao: mke aliyeolewa katika jamii ni mwanachama. Nimehudhuria mikutano ya ardhi ambayo mama walikuwa jikoni tangu mwanzo hadi mwisho. Kama orodha itaandikwa hivyo, ile theluthi mbili itakuwa ya nusu ya watu, na mahakama itakuwa na haki ya kuitupa.

Tatu, na hili halisemwi vya kutosha: kifungu cha 40 cha Katiba, baada ya kumlinda mwenye hati, kinaruhusu fidia ilipwe pia kwa wanaokaa juu ya ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati. Ahadi ya 1963 haikuwa na neno hilo. Sasa lipo. Mthamini akija na fomu yake ya kuhesabu miembe, minazi na migomba, muulizeni ameliandika wapi jina la anayelisha ng'ombe hapo Januari, na malka ameihesabu kwa bei gani. Akisema fomu haina nafasi hiyo, mwambieni aandike pembeni, na nyinyi mtie sahihi pembeni hapo.

Wenzangu, sijafika hapa na mpango wa kumaliza mzozo wa Delta. Nimefika na maombi, na ninaomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu.

Naomba Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, na Matadeda, la Waorma, wakae pamoja kabla ya mvua ndefu zijazo, wachore ramani moja ya malka zote kuanzia Garsen kushuka hadi Kipini, mkulima akiwa amekaa karibu na mfugaji wakati wa kuichora. Malka ikishakubaliwa na pande zote mbili na kutiwa sahihi, iingizwe katika kanuni za kila jamii inayosajiliwa. Naomba walimu wa shule zetu wawape wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kazi ya kuandika orodha za wanachama, kijiji kwa kijiji, mke na mume, kijana aliyefika miaka 18 na mzee asiyeona. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji daftari. Naomba wawakilishi wetu wa bunge la kaunti waulize, kwa maandishi, kama kuna fedha za fidia zinazokaa kwenye akaunti ya kaunti kwa ajili ya ardhi ya Delta isiyosajiliwa, ni kiasi gani, na ni za kipande kipi, na majibu yasomwe hadharani hapa Golbanti.

Na kwenu vijana mliojazana mlangoni, mtakaokuwa kwenye kamati hizo wakati sisi wazee tumekwisha kupumzika: siku serikali yoyote itakapowaambia imelinunua dai la mtu fulani kwa niaba yenu, kabla ya kupiga vigelegele ombeni nakala ya mkataba, msome ukurasa wa malipo, na mtafute kama pana mahali panaposema kwamba anayekaa juu ya ardhi hatadaiwa kitu. Pasipokuwepo, msitie sahihi.

Sasa tumwendee mpishi.